Somo: Namna ya kudai mtaro wa barabara uzibuliwe au ujengwe

Somo hili limeandaliwa kwa wanachama wanaoishi pembezoni mwa Mombasa, kama vile Mwakirunge na Mtongwe, ambako masika yakianza maji ya barabarani hayana pa kwenda ila uani kwa watu.

Hatua ya kwanza si kuandika barua, bali ni kutoka nje mvua inaponyesha na kuyafuata maji hadi yanakoishia. Mara nyingi mahali yanapotuama sipo penye kasoro. Huenda mdomo wa kalivati, yaani bomba la kupitishia maji chini ya barabara, uko wazi, lakini upande wa pili, yanakotokea maji, umezibwa na mchanga, taka au kifusi cha ujenzi. Au huenda bega la barabara, yaani ukingo ulio kando ya lami, limeota majani na kuinuka hata likaipita lami, hivyo maji hayaufikii mtaro ijapokuwa mtaro wenyewe ni msafi. Piga picha kuanzia juu yanakotoka maji hadi chini yanakokwama, ukiweka mti uliopimwa kwa futi ili kina kionekane, kisha andika tarehe, saa, na muda ambao maji yalikaa baada ya mvua kukatika. Picha ya mtaro mkavu iliyopigwa kiangazi haimshtui afisa yeyote.

Hatua ya pili ndiyo inayowashinda wengi: kumjua mwenye barabara. Barabara kuu za kitaifa, kama ile ya Malindi au ya Lunga Lunga, ziko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa. Mamlaka iitwayo KURA hushughulikia barabara za kitaifa za mijini, na ile ya KeRRA zile za mashambani; mamlaka hizi tatu zilianzishwa na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Barabara za kaunti ni jukumu la serikali ya kaunti, ambayo pia imekabidhiwa na Jedwali la Nne la Katiba kazi ya kusimamia maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa. Tatizo ni kwamba maji hayajui mipaka hiyo: huanzia barabara ya mmoja yakamwagikia mtaro wa mwingine, na kila afisi ikamnyoshea mwenzake kidole. Mimi mwenyewe nilipoteza msimu mzima nikiipelekea afisi moja barua baada ya barua, nikapokewa kwa heshima kila mara, na mwishowe nikaambiwa kuwa barabara ile haikuwa yao tangu mwanzo. Siku hizi swali la umiliki naliuliza kwanza, tena kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba habari kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na inaitaka afisi ijibu ndani ya siku 21.

Ukishamjua mwenye barabara, amua unadai nini. Kuzibua mtaro ni kazi ya ukarabati wa kawaida, na haistahili kungojea bajeti mpya. Kujenga mtaro usiokuwepo au kuweka kalivati kubwa zaidi ni mradi, na mradi una kalenda yake: mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Anayelalamika mwezi Mei, maji yakiwa magotini, huwa amekuta makadirio yameshawasilishwa. Ushahidi hukusanywa masika, lakini mradi hutetewa Julai na Agosti, wakati vumbi limetanda na hakuna anayekumbuka mafuriko.

Barua iwe ya ukurasa mmoja, itaje barabara, alama iliyo karibu, idadi ya nyumba zinazoathirika na jambo moja tu mnaloliomba. Ielekezwe kwa afisi yenye barabara, na nakala zake ziende kwa msimamizi wa wadi na mwakilishi wadi. Peleka nakala mbili, na ile unayorudi nayo hakikisha imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Simu husahaulika, na ahadi ya mlangoni haina shahidi.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, shikamoo. Jirani yetu amefukia mtaro kwa kifusi ili gari lake lifike langoni. Tumshtaki?

Marahaba. Mwanzo mwendeeni na mzee wa mtaa, kwa kuwa mara nyingi mtu hajui kuwa kifusi alichomwaga ndicho kinachowafurishia maji wanaoishi upande wa juu. Akikataa, iandikieni afisi yenye barabara, maana mtaro uko ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengewa barabara, wala si sehemu ya kiwanja chake. Elezeni kizuizi kilipo, msimtukane.

Je, vijana wetu wanaweza kuuchimba wenyewe?

Kuondoa taka na majani, naam. Kukata lami, kupanua mtaro au kugeuza mkondo, hapana, kwa sababu mtayahamishia maji kwa watu wengine na lawama itakuwa yenu. Hata hiyo kazi ya kusafisha, ijulisheni afisi kabla, na mkubaliane ni nani atakayeizoa taka, kwani ikiachwa ukingoni mvua ya kwanza huirudisha mtaroni.

Siku 21 zimepita na hatujajibiwa. Tufanye nini, kaka?

Andikeni barua fupi ya ukumbusho mkiambatisha nakala yenye muhuri. Mkinyamaziwa tena, lifikisheni suala la habari kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ndiyo inayosimamia sheria hiyo. Kuhusu mtaro wenyewe, ikiwa barabara ni ya kaunti, wasilisheni ombi rasmi lenye saini za wakazi kwa bunge la kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inawapa haki hiyo. Kila saini iandikwe na mwenyewe, kwa kuwa mtu mmoja akiwasainia wenzake, karatasi nzima hutiliwa shaka.