Nyumba ya kuuza kwenye mteremko: maji kwanza, pevingi baadaye, urembo mwisho

Mnunuzi mzoefu akija kuona nyumba ya Isanga (Mbeya) au Kihesa (Iringa) haanzi na geti. Huinama kutazama chini ya ukuta: tope lililorukia plasta, rangi inayobanduka, korongo lililojichimba kuelekea kwa jirani. Akishaviona hivyo, ameanza kupunguza bei hata sebuleni hajafika. Kazi hii ipange Juni hadi Oktoba. Novemba mvua ikishaanza, utakuwa unachota tope.

1. Maji ya paa

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa linalofunika mita 120 za mraba likipigwa na mvua ya milimita 40, zinashuka lita 4,800. Tanki la lita 2,000 halina ubavu huo, kwa hiyo tundu lake la kufurikia liunganishe na bomba la inchi 4 hadi kwenye mfereji. Wengi hufunga gata nzuri kabisa, kisha maji ya ziada yanamwagikia msingi uleule.

2. Mfereji wa juu

Upande wa mlimani, kata mfereji wa kupokea maji kabla hayajaingia uani. Usiuelekeze kwa jirani; mgogoro wa maji hufukuza mnunuzi haraka kuliko ufa.

3. Levo na kushindilia

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, na kosa huonekana mvua ya kwanza, fundi akiwa ameshalipwa.

Pevingi zikikamilika, uso wake ukae angalau sm 15 chini ya sakafu ya ndani. Kuanzia ukutani ushuke sm 2 kwa kila mita. Ua wa mita 6 unashuka sm 12.

Kupima levo tumia mpira wa maji, ule unaoonyesha ndani: maji ya ncha zake mbili hukaa usawa mmoja. Pima maji ya mita moja (rula ya levo yenye kiputo) iache kwa fundi wa fremu za milango: ikikosea milimita 3 tu kila mita, mita 6 zinakupa karibu sm 2, yaani umepoteza mteremko wa mita nzima. Ujaze mpira kwa kuvuta maji kutoka ndoo iliyoinuliwa, kisha ukague urefu wote. Pakiwa na kiputo kimoja cha hewa, vipimo vyote ni uongo. Kabla ya kupima, weka ncha mbili pamoja. Maji yasipolingana, anza upya. Mkihama mnaziba ncha kwa vidole gumba, lakini vidole *vyote viwili* vitoke kabla ya kusoma. Kibarua aliyesahau kidole chake amewahi kuinamisha ua mzima kuelekea mlangoni.

Kina cha kuchimba ni sm 24 kutoka uso uliokusudiwa: pevingi 6, mchanga 3, moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa 15. Mteremko uanzie kwenye moramu yenyewe. Ukiutengeneza kwa kuongeza mchanga, penye mchanga mnene patadidimia na njia ya matairi itageuka dimbwi.

Moramu imwage kwa tabaka mbili, kila moja ishindiliwe kwa mashine ya kukodi, mara nne kwenda na kurudi. Gogo la mkono halitoshi gari linapopita. Unyevu upime kwa konzi: udongo ushikamane bila kutoa maji. Mkavu hurusha vumbi tu, na uliolowa unacheza chini ya mashine kama uji. Maeneo ya Mbeya yenye udongo mwepesi wa volkano, ukikuta sehemu inayobonyea kwa kisigino, ichimbe yote uitoe na ujaze moramu. Usifunike ukitumaini itatulia.

4. Kingo

Mawe ya kingo yakae kwenye zege kabla ya pevingi kuanza, la sivyo zitatanuka pembeni. Juni na Julai baridi huchelewesha zege kukomaa, kwa hiyo limwagilie na usubiri siku 7.

5. Kupanga

Pevingi za sm 20 kwa 10 zinaingia 50 kwa mita ya mraba. Ua wa mita 60 za mraba unahitaji 3,000, ongeza 150 za kukata na kuvunjika, pamoja na mchanga mita za ujazo 1.8. Kabla ya kulipa, gonganisha mbili: zikilia kavu chukua, zikilia bubu na kutoa unga ziache hapohapo. Njia ya gari ipangwe kwa mtindo wa mfupa wa samaki, maana mistari iliyonyooka husukumwa na breki.

Viungo vijaze mchanga laini mkavu, pitisha mashine, fagia tena. Saruji kwenye viungo ni ushamba wa gharama: inapasuka, kisha maji yanaingia na hayana pa kutokea.

6. Mengineyo

Panda ukoka kwenye udongo ulio wazi. Mkaratusi usiwe karibu na ukuta wala bomba. Uzio wa mbao za Sao Hill, shamba la miti la Mufindi, ni mzuri, ila nunua zilizotiwa dawa. Rangi ya nje ipakwe mwisho kabisa, mashine ikishaondoka.

Pevingi 30 zibakize nyuma ya nyumba. Za kundi jingine hazitafanana rangi.