Vifaa vyote ndani ya kilo mbili: kuchagua kamera na lenzi kwa ndege, wadudu na matembezi ya Malindi

Wengi wanaoanza kupiga picha za wanyama hununua kamera kwanza, lenzi baadaye. Mpango huo ni wa kinyume. Kamera nyingi za sasa huzidiana gramu mia moja au mia mbili tu, lakini lenzi ndefu huzidiana kilo nzima na zaidi. Sony 200-600mm ina gramu 2,115 kabla hujaifunga pete ya stendi ya miguu mitatu. Olympus 75-300mm ina gramu 423. Kwa mtu wa gari tofauti hiyo si kitu. Kwa anayeteremka boda boda na kukanyaga mchanga mlaini hadi mdomo wa Mto Sabaki, jua likianza kuchoma, ndiyo inayoamua kama atapiga picha au atatafuta kivuli. Kwa hiyo tunaweka kikomo cha kilo 2 kwa kila kitu, pamoja na betri za akiba, kisha tunaangalia ni nini kinaingia humo.

Siri ya wepesi ni ukubwa wa sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Sensa ya Micro Four Thirds ina milimita 17.3 × 13, yaani nusu ya urefu na nusu ya upana, kwa makadirio, ya sensa kubwa ya 36 × 24. Kwa sababu hiyo lenzi ya 300mm juu yake hukuonyesha eneo lile lile ambalo lenzi ya 600mm ingekuonyesha kwenye sensa kubwa. Sensa ya APS-C iko katikati: unazidisha kwa 1.5, au 1.6 kwa Canon.

Kabla ya kutoa pesa, piga hesabu hii: upana wa sensa, mara umbali wako na mnyama, gawanya kwa urefu wa lenzi (ile namba ya mm iliyoandikwa juu yake). Keremkerem mwekundu akiwa mita 20 kutoka ulipo, na una 300mm kwenye sensa ya milimita 17.3, picha itabeba upana wa mita 1.15. Mwili wake una sentimita 25 hivi, kwa hiyo atajaza kama moja ya tano tu ya upana wa picha. Ukisogea hadi mita 10 atajaza karibu nusu, na hapo manyoya huonekana moja moja. Hesabu hii huokoa fedha nyingi, maana mara nyingi inakuonyesha kwamba unachohitaji ni kusogea, si lenzi ya bei mbaya. Kule hori ya Mida, kusini mwa Malindi, anayekusogezea ndege ni bahari yenyewe. Maji yakipwa, ndege hutawanyika mbali kwenye matope; yakianza kujaa, husukumwa kuelekea ukingoni. Angalia jedwali la maji kabla ya kutoka, ufike mapema wakati yanapanda, na ukumbuke kwamba siku za bamvua hupanda kwa kasi zaidi kuliko siku za maji mafu.

Kuna mafungu mawili ambayo tungemshauri mtu bila kusita.

La kwanza ni jepesi kabisa: kamera ya OM-5 yenye sensa ya Micro Four Thirds (gramu 414 pamoja na betri na kadi), lenzi ya 75-300mm (423), 12-45mm f/4 kwa mitaa na mandhari (254), na 60mm f/2.8 ya wadudu (185). Jumla ni gramu 1,276. Inabaki nafasi ya flashi ndogo, betri na chupa ndogo ya maji.

La pili ni la mtu anayependa zaidi ndege wanaoruka: Canon R7 yenye sensa ya APS-C (gramu 612), RF 100-400mm f/5.6-8 (635) na RF-S 18-150mm (310). Jumla ni gramu 1,557. Hapa fokasi hufuata jicho la ndege vizuri zaidi, na 400mm huwa sawa na 640mm. Ila kwa ndege anayepiga mabawa tumia shata ya kawaida (pazia linalofunguka na kufungika mbele ya sensa), picha 15 kwa sekunde, wala si ile ya kielektroniki. Sensa ya R7 husomwa polepole, mstari baada ya mstari, na bawa linalokwenda kasi hutoka limepinda.

Lenzi hizi zote mbili ndefu zina udhaifu mmoja, na ni vyema uujue mapema: tundu lao la kupitisha mwanga ni dogo (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Asubuhi pale Sabaki, kwenye mwanga wa wazi, si tatizo. Utapata 1/2000 ya sekunde kwa heroe anayeruka bila ISO, yaani kipimo cha jinsi kamera inavyoukuza mwanga, kupita 800 au 1000. Ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke mambo hubadilika. Sengi wa matako ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, hukimbia chini ya vichaka, mwanga ukiwa haba, na kwenye f/6.7 au f/8 utahitaji ISO 3200 hadi 6400 ili upate 1/250 tu. Kubali chembechembe kwenye picha; picha yenye chembe husafishika kwenye kompyuta, iliyotikisika haina dawa. Usijaribu kurefusha lenzi kwa kipande cha kuongeza mara 1.4 au mara 2. Cha kwanza hukata mwanga kwa nusu, cha pili hubakiza robo, na f/8 yako inakuwa f/11 au f/16. Lenzi za Canon za 600mm na 800mm zenye f/11 ni nyepesi kwa urefu wake (gramu 930 na 1,260) na hufaa ufukweni, lakini msituni ziache nyumbani.

Kosa jingine ambalo watu huilaumu lenzi ni joto. Kuanzia saa tatu asubuhi mchanga hupata moto, hewa juu yake hutetema, na ndege aliye mita 60 hutoka kama aliyepakwa mafuta. Hata lenzi ya bei gani haiwezi kuondoa hilo. Fika saa kumi na mbili na nusu, au usogee karibu.

Tukija kwa wadudu, watu wengi hununua lenzi wasiyoihitaji. Kwa vipepeo wa Gede lenzi ndefu yenyewe inatosha. RF 100-400mm hukuza hadi mara 0.41 ya ukubwa halisi; kwenye sensa ya Canon yenye upana wa milimita 22.3, picha hubeba sentimita 5.4. Kipepeo mkubwa hujaza picha yote nawe uko mita moja, hajashtuka. Kaa wadogo wa mikokoni hupigwa vivyo hivyo, maana ukiwakaribia wanazama mashimoni.

Ukitaka jicho la buibui au kichwa cha vunjajungu, kuna njia mbili. Ya kwanza ni 60mm iliyotajwa, inayofika ukubwa halisi: kitu cha milimita 17 kinajaza upana wa picha. Ya pili ni kioo cha kubana mbele ya lenzi ndefu, kama Raynox DCR-150, ambacho hushika lenzi zenye uzi wa kuskrubia mbele wa milimita 52 hadi 67. Lenzi zote mbili ndefu za hapo juu zimo (58 na 67). Nguvu yake ni dayopta 4.8 (kipimo kile kile cha miwani). Ukiifunga kwenye 75-300mm na kuvuta hadi 300, unapata mara 1.44, upana wa milimita 12 tu, na umbali unabaki takriban sentimita 20 vyovyote utakavyovuta zumu. Hilo ndilo tunalolipenda: unabadilisha ukubwa bila kumsogelea mdudu. Pembe za picha hazitakuwa kali, na ukirudisha zumu kwenye urefu mfupi zinaweza kuwa nyeusi; mdudu aliye katikati hadhuriki.

Ugumu wa kazi hii ni kina. Kwenye ukubwa halisi, kwa f/8, sehemu iliyo kali haizidi nusu milimita. Kubana tundu hadi f/16 hakusaidii, kwa sababu mwanga unaopita kwenye tundu dogo hutawanyika na picha nzima hulegea. Baki f/8, au f/11 mwisho. Zima fokasi ya kamera, weka lenzi kwenye ukubwa unaoutaka, egemeza kiwiko kwenye goti, kisha yumba mbele na nyuma taratibu huku ukipiga mfululizo. Picha moja kati ya kumi ikishika jicho, umefanya vizuri.

Flashi ndogo kama Godox TT350 ina gramu 200 na hula betri mbili za AA. Anza na 1/200, f/8, ISO 200, flashi kwenye nguvu ya 1/8. Kwa nguvu hiyo mwako ni mfupi mno, nao ndio unaogandisha mtikisiko wa mkono wako, si shata. Ukiona doa jeupe mgongoni mwa mbawakawa, kitambaa au karatasi nyeupe uliyoweka mbele ya flashi kulainisha mwanga ni ndogo au iko mbali. Tumia kubwa zaidi na uisogeze hadi ikaribie kumgusa. Ukiona nyuma pote ni peusi, shikilia jani sentimita chache nyuma yake.

Kwa matembezi hakuna mengi ya kusema. Zumu moja fupi inatosha magofu ya Gede na vichochoro vya Mji Mkongwe wa Lamu. Gede funga zipu ya begi, kima hawabishi hodi. Na watu uwaombe ruhusa kabla ya kuwaelekezea kamera, si baada.

Stendi tunaiacha. Ukienda Tsavo Mashariki kwa gari, shona mfuko wa turubai wa sentimita 30 kwa 20, usafiri nao mtupu, uujaze kilo mbili za maharage sokoni, uulaze dirishani. Mwambie dereva azime injini. Mtetemo wake huharibu picha kuliko mkono.

Ukinunua lenzi iliyotumika, washa tochi ya simu, imulike kutoka nyuma na uchungulie kutoka mbele. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu, na kwa unyevu wa pwani itaenea. Iache. Vumbi chache si neno. Zungusha zumu usikilize kama kuna mchanga unaokwaruza. Kadi mpya ya bei rahisi kupita kiasi ijaze video hadi mwisho kisha uicheze yote, kwa kuwa kadi bandia hujitangaza GB 128 huku zikihifadhi chache tu.

Chumvi ndiyo adui mkubwa kuliko wote. Usibadilishe lenzi ufukweni wakati wa kusi. Ukirudi, futa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya kunywa na kukamuliwa sana, kisha kikavu. Ukianza na kikavu unasugua kioo kwa chembe za chumvi. Vumbi lipulize kwa pampu ya mpira, si kwa mdomo. Dawa ya mbu yenye DEET hula plastiki na mpira, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kushika kamera. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa nusu saa hadi ipate joto la nje, la sivyo ukungu utatanda hadi ndani ya lenzi. Nyumbani ihifadhi kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vijaluba vya silika (chembe zinazofyonza unyevu), na kipimo kidogo cha unyevu ndani yake. Kikae kati ya asilimia 40 na 50. Kikipita 60, vijaluba vimeshiba, vikaushe au uvibadilishe.