Unakwenda Palitana mwezi wa Phagun? Soma hapa kwanza

Anza na tarehe. Hija ya Chha Gau, ile ya Wajain, wafuasi wa dini ya kale ya India, ya kuuzunguka mlima wa Shatrunjaya mjini Palitana, jimbo la Gujarat, huangukia siku ya 13 ya mwezi unaokua wa Phagun. Kalenda yao hufuata mwezi wa angani, kwa hiyo tarehe huhama kila mwaka kati ya Februari na Machi. Njia ya mkato ni hii: tazama Holi, sikukuu ya rangi ya Wahindu, ni lini, kisha rudi nyuma kama siku mbili. Na usipange safari wakati wa mvua za monsuni ukidhani utakwepa msongamano. Miezi ile minne hija ya mlimani husimama, watu hawapandi tena mpaka mwezi mpevu wa Kartik, karibu na Novemba.

Malazi weka mapema. Palitana imejaa dharmashala, nyumba za kulaza mahujaji, lakini nyingine hupokea Wajain tu au mgeni aliyekuja na mwenyeji wake. Mnaosoma Rajkot, Ahmedabad au Vadodara, ombeni rafiki Mjain awatangulie kuzungumza. Beba pasipoti, viza na nakala zake, kwa sababu kila anayelaza mgeni wa nje India lazima amjazie fomu ya serikali ya kumwandikisha. Kufika saa tano usiku wa mela, yaani mkusanyiko wa hija, na kuanza kugonga milango ni kujitafutia kulala stendi.

Ngozi acha nyumbani. Si viatu tu: mkanda, pochi, hata kamba ya saa. Nguo zifunike mabega na magoti. Ndani ya mahekalu simu ikae mfukoni, hakuna picha. Sanamu usiguse; wanaozigusa wameoga, wamevaa nguo maalumu za ibada na kufunga kitambaa mdomoni.

Nyama na mayai usibebe hata kwenye begi la akiba. Kitunguu, kitunguu saumu, viazi na karoti navyo havipo kwenye sahani ya Mjain, kwani kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima pamoja na vijidudu vinavyoishi pale. Pombe usiulize, Gujarat ni marufuku.

Sasa tukae kwenye suala la saa za kula, maana hapa ndipo watu huumia.

Mjain anayeshika dini hali baada ya jua kuzama, na asubuhi hafungui kinywa mpaka zipite dakika 48 tangu jua lichomoze. Mlimani penyewe hakuliwi kabisa. Kuna vituo vya maji njiani, basi. Halafu tazama umbali: ngazi zipatazo 3,750 hadi hekalu kuu la Adinath, mwalimu wa kwanza wa Wajain, na siku ya Chha Gau usitarajie kurudi ulikotokea. Unatokea nyuma ya mlima, unashuka na kupanda vilima vya mawe mpaka kijiji cha Adpur, jumla kama kilomita 18. Karamu iko huko Adpur, mwisho wa safari. Kwa kukwepa jua watu huanza saa kumi au kumi na moja alfajiri, tumbo tupu tangu jana jioni. Kijana mzima atalalamika tu. Mwenye kisukari ni habari nyingine.

Kwenye kundi letu alikuwepo shangazi wa mwenzetu mmoja, amekuja India kwa matibabu ya macho, akasema hawezi kurudi nyumbani bila kuuona mlima huo. Mama mwenye heshima zake, hakutaka kula mbele ya wenyeji ambao hawajala. Lakini vidonge vyake vya kisukari alimeza alfajiri kama kawaida, kwa sababu daktari alimwambia asikose hata siku moja. Hekalu kuu tulifika naye akicheka. Tulipoanza njia ya nyuma akawa kimya. Halafu akasimama, akaniuliza, "Mwanangu, pochi yangu ameichukua nani?" Pochi ilikuwa inaning'inia begani mwake. Nikamwonyesha, akaitazama, akaniuliza tena vilevile. Jasho lilikuwa limelowanisha ushungi wote, na alipopewa chupa ya maji vidole vilishindwa kuzungusha kifuniko.

Kila mtu alisema ni jua. Wakampepea, wakamnywesha maji, wakamlaza kivulini, na hali ikazidi. Aliyemwokoa ni kijana wa kujitolea aliyekuwa na begi la dawa, aliuliza swali moja tu, "Ana sukari?" Akakoroga glukosi kwenye kikombe, akamnywesha kidogo kidogo huku amemkalisha wima. Baada ya kama robo saa shangazi aliuliza kwa nini amevuliwa viatu.

Kwa hiyo, kama una kisukari, nenda kwa daktari kabla ya safari umweleze hivi: nitatembea kutwa, nitakaa bila kula kuanzia jioni mpaka mchana. Akupangie dozi yeye, usijipunguzie mwenyewe. Insulini na vidonge kama glibenclamide au glimepiride ndivyo hushusha sukari kupita kiasi ukivitumia bila kula. Bora zaidi, usifuate saa ya kundi: kula kwanza hapo chini kwenye dharmashala, uanze kupanda baadaye. Hakuna atakayekulaumu, Wajain wenyewe huwaruhusu wagonjwa. Pakiti ya glukosi ikae mfuko wa mbele, si ndani ya begi alilobeba mtu mwingine, na angalau wenzako wawili wajue ipo na ni ya nini. Mtu akianza kuongea visivyoeleweka, akitetemeka na kutoa jasho jingi, usihangaike na maji matupu. Mpe sukari ikiwa anaweza kumeza. Akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni, tafuta wahudumu wa afya.

Asiyeweza kupanda hadi kileleni akodi doli, kiti kinachoning'inizwa kwenye mti na kubebwa na wanaume mabegani. Bei hutegemea uzito wa mtu. Mkubaliane kabla hajaketi.

Wengi hupanda peku. Asiyezoea avae raba za kitambaa na kuzivua langoni, na abebe soksi nene, kwani kufikia mchana mawe ya uani huunguza kweli. Huko juu Waislamu mtaliona kaburi la Angar Pir, walii wa Kiislamu, ambako wanawake huweka susu ndogo za mfano wakiomba mtoto. Nendeni, lakini muangalie saa.

Ukifika Adpur utakuta mahema makumi kwa makumi, watu wa kujitolea wanakuvuta uingie, wanakuosha miguu, wanakupa dhebra, chapati za unga wa uwele, na mtindi. Kula taratibu. Na kumbuka hapo sipo ulipoanzia. Begi uliloacha Taleti, chini ya ngazi, bado liko Taleti, na riksho za kurudi mjini hugombaniwa. Weka pesa ndogo ndogo mfukoni, chaji simu usiku, kubalianeni mtakutana wapi mkipotezana, wazee wasiachwe nyuma peke yao, watoto waandikiwe namba ya simu mkononi, na anayesema anajua njia ya mkato kushuka mlima, mwache aende mwenyewe.