Uzamili wa falsafa: kutoka kwenye swali moja hadi tasnifu

Anayeingia uzamili wa falsafa akitokea ualimu, sheria au seminari mara nyingi hukwama mahali pamoja: amesoma mengi, lakini ukimuuliza anabishana na nani na juu ya nini, hana jibu. Ndiyo maana ni afadhali kujiandaa kwa hoja kabla ya kuhangaika na orodha ya vitabu.

Miezi miwili au mitatu kabla ya masomo kuanza, rudia mantiki ya msingi. Hakikisha unaelewa kwamba hoja inaweza kuwa halali, yaani hitimisho lake linafuata kutoka kwenye kauli zake, ilhali kauli hizo ni za uongo, na kwamba hitimisho la kweli linaweza kutokana na hoja mbovu. Asiyetenganisha haya huandika maoni akidhani ameandika falsafa, na wasahihishaji huliona hilo kwenye ukurasa wa kwanza.

Kila makala isome mara tatu. Mara ya kwanza pita haraka bila kalamu, ujue inaelekea wapi. Mara ya pili tafuta hitimisho, uliandike kwa sentensi moja kwa maneno yako. Mara ya tatu andika kwa namba kauli zinazobeba hitimisho hilo, pamoja na zile ambazo mwandishi hakuzitamka. Kurasa ishirini zinaweza kukuchukua saa tatu au nne. Huo ni mwendo wa kawaida, usidhani umechelewa.

Chukua hoja ya Mkenya John Mbiti, aliyoichapisha mwaka 1969, kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati ujao ni kama haupo. Ipange hivi: (1) wakati hufanywa na matukio, (2) matukio ya mbele ya mbali hayajatokea, (3) kwa hiyo hayawezi kuwa sehemu ya wakati. Ushahidi anaouleta ni vitenzi vya Kikamba na Kikuyu, ambavyo aliona nyakati zake zijazo zinafika miezi sita hivi, na hazivuki miaka miwili. Sasa nyufa zinaonekana. Lugha mbili zinawezaje kulisemea bara zima? Je, kukosa umbo la kitenzi ni kukosa wazo lenyewe? Na kauli ya kwanza imetoka wapi: kwa wasemaji wa lugha hizo, au kwa Mbiti? Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga kwa kutumia fikra na lugha ya Waakan.

Hapo ndipo tasnifu inapozaliwa. Kichwa kama “Dhana ya wakati barani Afrika” kitakumaliza, kwa sababu hakina mahali pa kukomea. “Je, nyakati za vitenzi zinaweza kuthibitisha dai kuhusu fikra za watu?” ni swali unaloweza kulijibu ndiyo au hapana, na mpinzani wako unamjua kwa jina. Kama swali lako halina mpinzani, lipunguze tena.

Pendekezo la utafiti lina mtego wake. Vyuo vingi vya kwetu hutumia fomu zilizotungwa kwa ajili ya sayansi ya jamii, zenye nafasi za idadi ya watu, sampuli na hojaji. Mwanafunzi huona aibu kuziacha wazi, hubuni hojaji ya watu hamsini, halafu majibu yao hayasaidii lolote katika swali la dhana. Kwenye sehemu ya mbinu andika wazi kwamba utachambua dhana na hoja, taja maandiko utakayoyachambua na kwa nini hayo, kisha eleza pingamizi zitakazopima jibu lako. Mahojiano yana nafasi yake pale swali linapoyadai: Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliwahoji wenye hekima wa Kenya kwa sababu alitaka kuonyesha kwamba wapo wanaofikiri kwa kuhoji, pasipo kurudia tu mila.

Msimamizi mtafute kwa kusoma alichoandika kwanza. Mpelekee ukurasa mmoja: swali, mpinzani, jibu lako la muda. Mkikubaliana, mpelekee kurasa tano hadi kumi kila wiki mbili badala ya kungoja sura nzima ikamilike. Kosa la ukurasa wa tatu likigunduliwa baada ya kurasa sitini, zote hupotea.

Kwa makala, anza na ensaiklopidia ya falsafa ya Stanford, ambayo ni ya bure mtandaoni. Itumie kupata ramani ya mjadala, kisha nenda kwenye maandiko yenyewe.

Marejeo nayo yana desturi yake, na wengi hawaambiwi mpaka siku ya kusahihishwa. Plato hutajwa kwa namba za toleo la Stephanus la mwaka 1578: mfano wa pango, katika kitabu chake cha Jamhuri, unaanzia 514a, tafsiri yoyote utakayoshika. Aristotle ana namba za toleo la Bekker. Uhakiki wa kwanza wa Kant (Critique of Pure Reason) hutajwa kwa A, toleo la 1781, na B, la 1787. Ukitumia kurasa za tafsiri yako tu, msahihishaji mwenye tafsiri nyingine hawezi kukufuata. Andika namba hizo tangu siku unapochukua dondoo, maana kuzitafuta upya wiki ya kukabidhi kazi ni mateso.