Kufufua kerezo la zamani la chuma katika karakana ndogo

Makerezo madogo ya chuma, yaani mashine zinazozungusha kipande cha chuma huku patasi ikikikata, hasa yale ya Uingereza kama Myford ML7 lililoanza kutengenezwa mwaka 1946, bado yana kazi katika Nyanda za Juu Kusini, kwa kuwa pini ya mashine ya kumenyea kahawa Mbozi au bushi ya mashine ya kupasulia mbao Mafinga haihitaji mtambo mkubwa. Anayenunua kerezo la namna hiyo likiwa limechakaa hushawishika kuanza na rangi na mota mpya, ilhali usahihi wake umo katika sehemu mbili: kitanda, ambacho gari la patasi huteleza juu yake, na mhimili mkuu unaozungusha kipande kinachokerezwa. Hizo ndizo za kupimwa kabla ya kununua chochote.

Kitanda hulika zaidi upande wa kibano, yaani kifaa cha kwenye mhimili kinachoshika kipande kinachokerezwa, kwa sababu huko ndiko kazi nyingi fupi hufanyika. Kaza kabari ya gari (kipande chembamba kinachoondoa ulegevu kati ya gari na kitanda) ukiwa sehemu hiyo mpaka liteleze bila kuyumba, kisha lisogeze taratibu kuelekea kichwa cha nyuma, kilicho mwisho wa pili wa kitanda. Likizidi kuwa zito au likigoma njiani, ujue kitanda kimelika. Ulikaji mdogo unavumilika kwa kazi za kawaida, lakini ukiwa mkubwa itabidi kitanda kisagwe kwenye mashine kubwa, na gharama yake inaweza kupita bei ya kerezo lenyewe. Ni heri jambo hilo lijulikane kabla ya kumlipa muuzaji. Kwa upande wa mhimili, weka geji ya mshale, yaani kipimo cha miendo midogo, juu ya shingo yake, uuinue kwa mpini wa mbao, na usome unavyocheza. Ukicheza zaidi ya sehemu chache za mia za milimita moja, beringi zinahitaji kurekebishwa. ML7 lina beringi za madini meupe (aloi laini) zenye vibati vya tabaka nyembamba chini ya vifuniko, na tabaka hizo hubanduliwa moja moja, kiasi kilekile pande zote mbili, mpaka mchezo upungue huku mhimili ukizunguka kwa mkono bila kukwama.

Unapofungua mashine, piga picha kila hatua na ufunge vibati vya kila beringi katika mfuko wake wenye alama. Osha kwa mafuta ya taa na brashi. Kutu nzito huondolewa vizuri kwa umeme: yeyusha magadi soda katika ndoo ya plastiki, kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita nne za maji, tumbukiza kifaa kikiwa kimeunganishwa na waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12, na waya chanya uufunge kwenye kipande cha chuma chakavu kisichogusana na kifaa hicho. Chuma kisichoshika kutu kisitumike upande wa chanya, kwani hutoa sumu ya kromiamu, na kazi hiyo ifanyike nje, kwa sababu gesi inayotoka hulipuka. Aluminiamu na gia za zinki zisiingizwe humo, maana zitalika. Usisugue kitanda kwa msasa hata kidogo; chembe zake hubaki kwenye njia na kuendelea kusaga. Rangi iachwe mwisho, na kwa maoni yangu si lazima.

Baada ya kuunganisha, kitanda kinyooshwe, kwani hata kitanda kizima hupindika kikifungwa kwa bolti juu ya meza isiyo sawa. Funga kwenye kibano kipande cha chuma chenye kipenyo cha milimita 40 hivi, kichomoze milimita 150 bila kushikwa na kichwa cha nyuma, kisha ukereze mikanda miwili, yaani sehemu mbili fupi za kipande hicho, mmoja karibu na kibano na mwingine mwishoni, kwa patasi kali na mkato mwembamba usiobadilishwa. Pima yote miwili kwa maikromita. Mkanda wa mwisho ukiwa mnene zaidi, weka kibati chembamba chini ya mguu wa mbele, upande wa kichwa cha nyuma. Ukiwa mwembamba zaidi, weka chini ya mguu wa nyuma wa upande huohuo. Rudia mpaka vipimo vilingane.

Hapo ndipo mota inapofaa kufikiriwa. Mota ya fezi tatu yenye inveta ya mota (kifaa kinachoigeuzia umeme wa nyumbani kuwa wa fezi tatu, si ile ya sola) hutumia umeme wa nyumbani wa volti 230 na kukuwezesha kubadili mwendo bila kuhamisha mkanda wa mota kila mara. Kama kibao cha mota kimeandikwa 230/400, waya zake ziunganishwe kwa mtindo wa pembetatu, si wa nyota. Inveta nyingi zimepangiwa uwezo wake hadi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Zaidi ya hapo hewa nyepesi haipoozi vya kutosha, na watengenezaji wengi hushauri kupunguza mzigo kwa takriban asilimia 1 kwa kila mita 100. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, kwa hiyo chagua inveta kubwa kwa ngazi moja kuliko mota. Ifungwe ndani ya sanduku lisiloingiza chembe za chuma, fundi umeme aunganishe waya wa ardhini, na ipangwe isijiwashe yenyewe umeme unaporudi baada ya kukatika.

Kwa kukata nyuzi, skurubu kuu ya ML7, inayovuta gari la patasi kwa kuzungushwa na gia, ina nyuzi 8 kwa inchi, wakati bolti nyingi madukani ni M8, M10 na M12. Gia ya meno 127 hutoa nyuzi sahihi za milimita, kwa kuwa inchi moja ni milimita 25.4, lakini ni kubwa mno kuenea mahali pake kwa urahisi. Gia za meno 63 na 80 zikitumika pamoja hukosea takriban sehemu moja tu kati ya 8,000, kiasi kisichodhuru bolti fupi. Unapokata nyuzi hizo, nati inayoshikanisha gari na skurubu kuu isifunguliwe mpaka kazi iishe: rudisha patasi nyuma, geuza mota polepole, kisha uanze mkato mpya. Kibano cha ML7 hufungwa kwa nyuzi kwenye mhimili, kwa hiyo usikate ukiwa unazunguka kinyume, na breki ya inveta ipangwe iwe ya taratibu, la sivyo kibano kitajifungua.