Ng'ombe akivimba kope baada ya sindano

Ukishamchoma ng'ombe chanjo au penisilini, usifungashe vifaa ukaondoka. Kaa naye kama nusu saa, umtazame usoni na chini ya mkia. Mzio mara nyingi hujionyesha hapo: kope zinavimba mpaka macho yanakaribia kufumba, uke unajaa, ngozi inatoka mabaka yaliyoinuka. Ni kazi ya histamini na kemikali wenzake zinazomwagwa na seli za kinga. Mishipa midogo ya damu inavujisha maji kwenye nyama.

Kinachomuua ng'ombe hasa ni mapafu. Akianza kuhema mdomo wazi, shingo kainyoosha, povu linatoka, dawa ni adrenalini, tena dakika hiyohiyo. Inakaza mishipa na kufungua njia za hewa. Ile ya miligramu 1 kwa mililita, ng'ombe wa kilo 400 hupata kama mililita 4 msulini. Mwombe daktari wa mifugo akuelekeze mapema, si siku ya janga. Antihistamini peke yake haitoshi: inazuia histamini isiendelee kushika, lakini maji yaliyokwisha vuja haiyarudishi.

Deksamethasoni hushusha uvimbe, ila taratibu. Na kwa ng'ombe mwenye mimba kubwa, tafadhali sana, inaweza kuitoa. Mwambie daktari mimba ina miezi mingapi kabla hajavuta dawa.

Kwa ng'ombe wa maziwa wa aina ya Jersey na Guernsey, uvimbe kama huo huweza kuja bila sindano yoyote, maziwa yakikaa sana kiweleni. Huyo mkamue kwanza.