Jinsi ya kuingiza episodi nyingi kwenye DVD moja na picha ibaki inatazamika

Hili swali linajirudia sana: mtu ana episodi zake nane za MP4, kila moja MB 300 hivi, jumla haifiki hata GB 2.5, anaziweka kwenye programu ya kutengenezea DVD na programu inamwambia diski imejaa akiwa bado kwenye ya tatu au ya nne. Anadhani programu ni mbovu. Sio mbovu. Deki ya kawaida haiisomi hiyo MP4 yako kama DVD, inataka MPEG-2, kwa hiyo kila faili linaenkodiwa upya (linabanwa upya kwa mfumo huo), na MPEG-2 ni kodeki, yani mfumo wa kubana video, ya miaka ya 1990 inayokula nafasi kuliko H.264 iliyomo kwenye MP4 nyingi. Ule ukubwa wa faili ulilokuja nalo sahau kabisa, hapa kuna vitu viwili tu vinavyohesabika: jumla ya dakika, na bitireti, yani kila sekunde unaipa kilobiti ngapi.

Kabla hujaanza lolote angalia deki yako kwanza. Ikiwa imeandikwa DivX (aina ya video iliyobanwa sana) au ina tundu la USB inayosoma mafaili ya video, huna haja ya huu mwongozo wote, zigeuze episodi ziwe Xvid (ndugu yake DivX) uzichome kama data ya kawaida na sizini nzima inaweza kuingia. Ambao deki zao zinataka DVD ya kweli tuendelee.

Hatua ya 1: jua nafasi uliyonayo

Diski ya kawaida imeandikwa 4.7 GB lakini Windows itakuonyesha kama 4.37. Hujaibiwa, watengenezaji wanahesabu kwa 1000 na Windows inahesabu kwa 1024. Ya tabaka mbili imeandikwa 8.5, kwenye kompyuta inasoma kama 7.95. Mimi kwa ile ya tabaka moja natumia namba moja tu, 36,000,000, hizo ni kilobiti, na hapo nimeshabakiza kidogo kwa ajili ya menyu na mambo mengine yanayojiongeza wakati wa kuunganisha picha na sauti.

Hatua ya 2: piga hesabu

Chukua dakika zote, zidisha kwa 60, halafu 36,000,000 igawanye kwa hizo sekunde. Tuseme episodi 8 za dakika 42, hizo ni dakika 336, sekunde 20,160. Jibu ni kama 1,785. Hapo ndio bajeti yako yote kwa sekunde, picha na sauti humo humo. Toa sauti 192, picha inabaki na 1,590 hivi. Ukiweka episodi 6 picha inapata karibu 2,190, ukiweka 4 inapata 3,380. Hii hesabu ifanye kabla hujafungua programu yoyote, itakuokolea usiku mzima wa kuenkodi kitu ambacho hakitaingia.

Hatua ya 3: sauti, hapa ndio watu wanapotezea nafasi bila kujua

Kuna programu ambazo usipozigusa zinatoa sauti ya PCM, yani isiyobanwa, ambayo ni kilobiti 1,536 kwa sekunde. Kwenye zile episodi zetu nane sauti peke yake ingekula GB 3.87! Diski inakaribia kuisha hujaweka hata picha moja. Badilisha iwe AC-3 (sauti iliyobanwa), stereo, 192, sampuli 48 kHz. Hata AC-3 yenyewe ukiiacha kwenye 448 wakati chanzo chako ni stereo ya kawaida tu unatupa zaidi ya MB 600 bure, na sikio halitasikia tofauti yoyote kwenye spika za TV.

Hatua ya 4: punguza rezolusheni, usiogope

Watu wengi hii wanaikataa kwa sababu wanaona kupunguza pikseli ni kuharibu picha. Ukweli ni kwamba ukilazimisha 720x576 kwa bitireti ya 1,590 utapata vile viboksi vinavyocheza kila kamera ikisogea, sehemu za giza zinakuwa kama vigae, na mvua au moshi ukitokea ndio balaa. Viwango vya DVD vinaruhusu pia 352x576, ambayo ni chini ya nusu ya pikseli, kwa hiyo kilobiti zile zile zinagawanywa kwa pikseli chache na kila moja inapata haki yake. Picha inalainika kidogo, basi, na ukikaa mbali na TV utaizoea baada ya dakika tano. Hizo ni saizi za PAL, mfumo wa TV wa nchi nyingi za Afrika na Ulaya; kwa NTSC, ule wa Marekani, saizi zake ni 720x480 na 352x480.

Mimi naenda hivi: ikibaki 3,000 au zaidi naiacha 720, ikishuka kati ya 1,500 na 2,500 naenda 352x576, hapo katikati inategemea, katuni zinavumilia, mpira na mapigano hayavumilii. Chini ya 1,500 nachukua diski ya pili. Kuna 352x288 pia, sawa na VCD, lakini kwenye TV kubwa mi siipendi.

Angalizo moja ambalo halisemwi sana: skrini pana ya 16:9 kwenye viwango vya DVD inaruhusiwa kwa 720 na 704 tu, 352 ni 4:3, lile umbo la TV za zamani. Deki nyingine zinakubali hivyo hivyo, nyingine zinavuta sura za watu zinakuwa nyembamba. Salama ni kuweka mistari myeusi juu na chini wewe mwenyewe, nimeiweka kwenye amri hapo chini.

Hatua ya 5: enkodi kwa pasi mbili

Pasi ya kwanza programu inaangalia tu wapi pagumu wapi parahisi, ya pili inagawa kilobiti kulingana na hiyo, mtu aliyekaa anaongea anapewa chache, wanaokimbizana wanapewa nyingi. Kwa bajeti ndogo namna hii pasi moja usithubutu. Kwa ffmpeg (programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri), PAL, chanzo cha 16:9:

ffmpeg -i ep01.mp4 -target pal-dvd -s 352x576 -vf scale=352:432,pad=352:576:0:72 -aspect 4:3 -b:v 1590k -b:a 192k -pass 1 -y ep01.mpg

Ikimaliza rudia amri ile ile, badilisha tu -pass 1 iwe -pass 2, ndio uende episodi inayofuata. Ikiwa chanzo chako kina chengachenga nyingi (rekodi za zamani hasa) ongeza hqdn3d (kichujio cha kupunguza chenga) kwenye -vf, mwanzoni kabla ya scale, maana enkoda haijui chenga ni uchafu, inazihifadhi kwa bidii zote na kilobiti zinaishia huko.

Hatua ya 6: tengeneza DVD

Fungua DVDStyler (programu ya bure ya kutengenezea DVD), chagua PAL, weka zile .mpg, halafu hakikisha kwenye kila faili imewekwa isienkodi tena, vinginevyo kazi yote uliyofanya inarudiwa na picha inaharibika mara mbili. Usichanganye 720 na 352 kwenye seti moja ya taitoli (kundi moja la video ndani ya DVD), viwango havitaki. Menyu weka ya picha iliyotulia, menyu zenye video na muziki zinakula nafasi ya episodi.

Hatua ya 7: choma

Usichome moja kwa moja, toa ISO (faili moja lenye DVD nzima) kwanza uifungue na VLC, ruka hadi kwenye tukio la giza lenye watu wanakimbia, hapo ndio utajua kama bajeti imetosha. Ikiwa sawa choma na ImgBurn kwa spidi ya 4x au 8x. ISO ikizidi diski kwa MB mia moja mbili, usirudie kuenkodi, ipitishe kwenye DVD Shrink itaibana kidogo na hutaona tofauti. Ikizidi kwa GB nzima rudi hatua ya 2, kuna namba umeikosea.